UZI: Miche ya tishu, hesabu ya kromosomu, na mtaalamu aliyeziamsha seli za mzizi wa njegere

#1 FundiChupa (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila msimu wa kupanda swali ni lile lile humu: miche ya migomba ya tishu ni GMO au si GMO? Watu wanarushiana maneno, mods wanafunga uzi, msimu ukirudi tunaanza upya. Mimi kazi yangu iko ndani ya maabara ya tishu, nashinda na kisu na koleo nikikata vichipukizi, kwa hiyo niseme langu mapema. Miche ya tishu ya kawaida si GMO. Hakuna jeni iliyochukuliwa kwingine ikaingizwa. Mmea umekuzwa kwenye chupa badala ya shambani, basi.

Lakini kuna swali ambalo sijawahi kuona mnunuzi analiuliza, na ndilo lenye pesa ndani yake: mche huu umetoka sehemu gani ya mmea mama, na umekatwa na kuhamishwa chupa mara ngapi kabla haujanifikia? Kujua kwa nini hilo ni swali la maana inabidi twende Marekani, miaka ya 1950 na 1960, kwa mtaalamu wa mimea aitwaye John G. Torrey. Alifanya kazi Berkeley, kisha Harvard, na alitumia miaka mingi akichunguza jambo ambalo ukilisikia haraka unaona halina kazi: vipande vya mzizi wa njegere.

Kwanza hesabu kidogo, msikimbie. Mgomba una seti ya kromosomu 11. Mchare wa Kilimanjaro na Arusha una seti mbili, yaani 22. Ndizi za kupika za Kagera, na matoke ya Uganda, zina seti tatu, 33. Zile aina za ndizi za FHIA-17 na FHIA-23 zilizosambazwa Kagera na mradi wa KCDP kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zina seti nne, 44. Idadi hiyo ya seti ndiyo inayoitwa ploidi. Diploidi mbili, triploidi tatu, tetraploidi nne.

Shuleni tuliambiwa kila seli ya mmea ina idadi ile ile ya kromosomu, ukiacha chavua na yai. Kwa mimea mingi hiyo ni nusu ya habari. Seli za ncha, zile zinazogawanyika kila mara, hulinda hesabu yake. Ila seli ikishakomaa na kuacha kugawanyika, mara nyingi inaendelea kurudufu DNA yake ndani kwa ndani. Inakuwa na DNA maradufu, mara nne, wakati mwingine zaidi, bila kuzaa seli mpya. Na huwezi kuziona kwa kuhesabu kromosomu, kwa sababu kromosomu huhesabika seli inapogawanyika, na hizi hazigawanyiki. Zimekaa kimya tu kwenye mzizi, kwenye shina, kwenye jani.

Torrey alikata vipande vya mzizi wa njegere mbali na ncha, pale seli zilipokwishakomaa, akaviweka kwenye chakula cha chupa. Njegere ina kromosomu 14. Alipoweka homoni ya oksini peke yake, seli zilizogawanyika zilikuwa hasa zile za kawaida, zenye 14. Alipoongeza homoni nyingine, kinetini, mambo yakageuka: zikaanza kugawanyika seli zenye 28. Mwaka 1961 alichapisha matokeo hayo akisema wazi kwamba kinetini ndiyo inayofyatua mgawanyiko wa seli zile zilizokwisha kurudufu.

Tafakarini hapo kidogo. Chupa haikuzitengeneza seli zenye 28. Zilikuwamo kwenye mzizi tangu mwanzo. Chakula cha chupa ndicho kilichoamua nani aamke.

Kinetini yenyewe ilikuwa na umri wa miaka michache tu wakati huo. Iligunduliwa mwaka 1955 kwenye maabara ya Folke Skoog huko Wisconsin, kutoka kwenye DNA ya shahawa za samaki aina ya heringi iliyopikwa kwa mvuke. Ndiyo, shahawa za samaki. Sayansi ya mimea ina vituko vyake.

Nakunywa chai, nitaendelea.

#2 Kihamba_Juu

Mkuu nimeweka kambi hapa. Sikujua Mchare wetu una kromosomu chache kuliko ndizi za Wahaya. Hii wasiione watani zangu wa Bukoba.

#3 MwanaMuleba

Tumeshaiona. Nyingi ni bora. 😂

Mleta uzi endelea, ila usitukimbize na maneno ya maabara.

#4 FundiChupa

Nimerudi.

Watu walikuwa wanazikuza tishu kwa miaka, wanazihamisha chupa hadi chupa kama bonge la seli lisilo na umbo. Bonge hilo linaitwa kalusi. Kalusi changa ukiibadilishia homoni inatoa mizizi au machipukizi. Hii Skoog na Miller waliionyesha kwenye tumbaku mwaka 1957: oksini nyingi kuliko saitokinini (kundi la homoni ambalo kinetini imo) unapata mizizi, saitokinini nyingi unapata machipukizi. Lakini kila mwenye maabara alikuwa analalamika jambo moja, kwamba kalusi ikizeeka inagoma. Unaipa homoni zile zile, inanenepa tu, haitoi kitu.

Mwaka 1967 zilitoka kazi mbili kuhusu hilo. Torrey kwa njegere, akifuatilia kalusi iliyokaa muda mrefu kwenye chupa: kadiri ilivyopoteza uwezo wa kutoa mizizi, ndivyo seli zenye kromosomu zilizozidi zilivyotawala. Murashige na Nakano kwa tumbaku wakaona picha inayofanana, seli zenye hesabu sahihi ndizo zilizokuwa na nguvu ya kutoa machipukizi, na zilizovurugika hesabu zikashindwa au zikatoa vitu vya ajabu. Huyo Murashige ndiye yule yule wa chakula cha MS, Murashige na Skoog, 1962, ambacho mpaka leo asubuhi nimekipima kwenye mizani. Maabara nyingi za migomba hapa kwetu zinakitumia, labda na marekebisho madogo.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Moja, seli zilizorudufu zimo kwenye mmea kabla hujaukata, na homoni inaweza kuziamsha. La pili, hata ukianza na seli safi, kukaa muda mrefu kwenye chupa kunaleta makosa mapya wakati wa kugawanyika: kromosomu moja inabaki nyuma, nyingine inakwenda mara mbili. Hapo hupati 22 wala 33 wala 44. Unapata 32, 34, hesabu isiyo na seti kamili.

Sasa mgomba. Maabara inayojiheshimu haianzi na jani wala mzizi. Inachukua chipukizi la upanga, inamenya maganda mpaka ibaki ncha ndogo pamoja na kipande cha kitako chake, inasafisha na dawa ya klorini, inaweka kwenye MS yenye saitokinini, mara nyingi BAP. Ncha hiyo ni zile seli zinazolinda hesabu. Vichipukizi vinatoka kwenye macho ya pembeni, tunakata, tunahamisha chupa kila baada ya wiki nne hivi, tunakata tena. Ni njia ya polepole kuliko kalusi lakini ndiyo salama.

Tatizo linaingia na tamaa. Ukiongeza BAP, ncha inafumuka inakuwa kama koliflawa, na machipukizi yanaanza kuzuka mahali ambapo hapakuwa na jicho. Hesabu ya chupa inapanda, bosi anafurahi. Ukiongeza na mizunguko juu ya hapo, miche iliyopotoka inaongezeka. Ndiyo maana kanuni inayotumika sana kwa migomba ni kutovuka mizunguko minane hadi kumi, au miche kama 1,000 kwa kila ncha, halafu unarudi shambani kuchukua mama mpya. Maabara ambayo haijarudi shambani tangu ifunguliwe, mimi siwezi kununua kwake hata kama bei ni ya kutupa.

#5 Nduthi_na_Ndizi

Salimia watu wa TZ. Mimi niko Murang'a, ndizi za tishu tumekuwa nazo toka miaka ya tisini, zilikuja na watu wa KARI na wale wa JKUAT. Kwangu zimenilipa, sina maneno. Lakini kuna mwaka nilinunua miche ya Cavendish kwa kitalu fulani, mingine ikakaa mifupi tu, majani yamebanana juu, mkungu unashindwa kutoka vizuri. Sasa wewe unaniambia hizo ni zile za kromosomu mbili mbili, tetraploidi?

#6 FundiChupa

Pole sana kaka, na asante kwa kuuliza, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Hapana, usikimbilie kusema tetraploidi. Ufupi ndio upotovu unaoonekana zaidi kwenye Cavendish ya tishu, na kwa kawaida mche mfupi ukiupima una 33 zake kamili. Kilichobadilika kiko ndani zaidi. Kromosomu zipo zote, hitilafu iko kwenye jeni au kwenye namna jeni inavyofungwa na kufunguliwa. Walio na mabaka-mabaka kwenye majani, majani membamba mazito yenye mawimbi pembeni, hao ndio mara nyingi ukipima unakuta kromosomu zimepungua au kuzidi.

Larkin na Scowcroft wa Australia mwaka 1981 waliupa upotovu huu wote wa chupa jina moja, na tangu hapo watu wameutupia humo kila kitu. Ploidi ni chumba kimoja tu cha nyumba hiyo. Mfano mzuri ni mchikichi. Kule Malaysia miche ya tishu ya mchikichi ilitoa matunda yaliyovimba pembeni, yasiyo na mafuta ya maana, hasara kubwa kwa mashamba. Miaka na miaka watu hawakujua sababu. Mwaka 2015 ikachapishwa kwamba kromosomu ziko sawa na herufi za DNA ziko sawa, ila kipande kimoja cha DNA kinachorukaruka, walichokiita Karma, kilikuwa kimepoteza alama za kemikali zinazokinyamazisha. Ungehesabu kromosomu za mchikichi ule mpaka macho yaume, usingekuta kitu.

#7 MamaKitalu

Mimi nauza miche, sifichi. Bwana FundiChupa unatuharibia soko. Mteja akija sasa ataniuliza mizunguko mingapi, mimi nimechukua miche maabara ikiwa tayari kwenye trei, nitajuaje?

#8 FundiChupa

Shikamoo mama. Siharibu soko, nakupa silaha. Unapochukua shehena, omba maabara ikuandikie aina, mahali chipukizi mama lilipotolewa, na namba ya mzunguko. Maabara makini inayo kwenye daftari, kila chupa yetu ina lebo ya tarehe na mzunguko. Wakikujibu "hayo ni ya kitaalamu", umeshapata jibu lako.

Na pale kwenye trei, wakati wa kuzoeza miche chini ya neti, wewe mwenyewe chambua. Kijani kilichopauka kwa mabaka, jani jembamba kama la mwanzi, mche uliodumaa wenzake wakikimbia, toa. Sehemu kubwa ya upotovu unaonekana pale pale kwa macho, kabla mkulima hajachimba shimo. Si wote, ila sehemu kubwa.

#9 MsomiWaSUA

Naongezea kidogo kwa faida ya wengi. Mleta uzi ameongelea ploidi kama balaa tu, wakati waboreshaji wa mbegu wanaitafuta kwa makusudi. Ndizi za kupika za Uganda na Kagera karibu hazitoi mbegu. Taasisi za utafiti, NARO pale Kawanda na IITA pale Sendusu, walipita njia hii: mama mwenye 33 anachavushwa na mgomba mwitu wa diploidi, Calcutta 4. Mara chache yai la mama linapita bila kupunguza, na 33 zake zote, likakutana na chavua yenye 11. Unapata mtoto wa 44, mwenye mbegu kidogo na kinga ya ugonjwa wa majani wa sigatoka nyeusi. Huyo wa 44 ukimchavusha tena na diploidi bora, 22 kwa 11, unarudi kwenye 33, asiye na mbegu. Ndiko zilikotoka aina za NARITA, 27 kwa idadi. Moja ilitolewa Uganda mwaka 2010 kama KABANA 6H, watu wanaiita Kiwangaazi. Na taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, mwaka 2021 ilitoa nne kwa wakulima wa Tanzania, TARIBAN 1 hadi 4.

#10 FundiChupa

Mkuu umesema vizuri kuliko mimi. Ongeza hapo kwamba mbegu zenyewe zikipatikana ukizipanda kwenye udongo nyingi hazioti, kwa hiyo kiinitete kinatolewa kwa kisu na kuoteshwa kwenye chupa. Bila tishu hiyo kazi yote isingefika popote.

Na Kihamba_Juu, usinyong'onyee kwa sababu ya 22. Wataalamu waliofuatilia ukoo wa ndizi kwa DNA wamekuta kwamba Cavendish, ndizi inayotawala masoko ya dunia, na Gros Michel, seti mbili kati ya tatu zilitoka kwa diploidi za kundi la Mlali, ambalo leo linapatikana kwenye visiwa vya upande wetu wa Bahari ya Hindi. Na Mlali na Mchare ni ndugu wa karibu. Tena kwa njia ile ile aliyoitaja msomi: gameti (yai au chavua) iliyopita bila kupunguza kromosomu.

#11 Kihamba_Juu

MwanaMuleba upo? Soma hapo juu taratibu.

#12 Mkonge_Damu

Sisi wa Tanga tusisahaulike. Kwenye mkonge nimesikia nao una hesabu za ajabu.

#13 FundiChupa

Una ajabu kweli. Mkonge wa zamani uliokuja kutoka Meksiko una seti tano za 30, kama 150 hivi. Seti tano hazigawanyiki sawasawa, ndiyo maana hauzai mbegu, unapandwa kwa vichanga (vimiche vidogo) vinavyoota kwenye mlingoti wa maua na kwa machipukizi. Chotara 11648, aliyezaliwa kwenye utafiti wa hapo hapo Tanga enzi za Tanganyika, ni diploidi, 60. Anatoa majani mengi kuliko ule mkonge wa zamani kabla ya kutoa mlingoti. Wanaosema kromosomu nyingi ndiyo mazao mengi wakaangalie shamba la mkonge.

Kwa kuwa tumefika pwani, Torrey mwenyewe baadaye aliachana na njegere akahamia kwenye mimea inayotengeneza nitrojeni kwa kushirikiana na bakteria aitwaye Frankia. Mwaka 1978 yeye na wenzake walifaulu kumtenga bakteria huyo na kumkuza peke yake, jambo lililokuwa limeshinda watu kwa miongo. Mivinje yetu ya ufukweni inaishi kwa bakteria wa kundi hilo. Ni nje ya mada lakini nilishindwa kunyamaza.

#14 Nduthi_na_Ndizi

Sasa nikitaka kujua ploidi ya mche wangu, lazima niende ng'ambo?

#15 FundiChupa

Kwa jibu la uhakika kuna mashine. Unachukua kipande kidogo cha jani, unakikatakata kwa wembe ndani ya kimiminika ili viini vitoke, unatia rangi inayoshika DNA, unavipitisha kimoja kimoja mbele ya mwanga. Kiini chenye DNA nyingi kinang'aa zaidi. Mbinu ya wembe ilichapishwa na Galbraith na wenzake mwaka 1983, na haijabadilika sana. Kwa migomba, maabara iliyobobea iko Olomouc, Jamhuri ya Cheki, na benki ya migomba ya Leuven, Ubelgiji, hutuma majani huko. Kwa mkulima wa ekari moja haina maana, macho na daftari la maabara vinatosha.

#16 Mwl_Bios

Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano. Hakuna jaribio ambalo wanafunzi wanaweza kulifanya bila mashine?

#17 FundiChupa

Lipo mwalimu, na halina gharama. Tetraploidi huwa na stomata (vitundu vya jani vya kupumulia) kubwa na chache kuliko diploidi. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, mahali pamoja kwenye majani yote unayolinganisha, katikati ya jani, si ukingoni. Iache ikauke kabisa, ibandue kwa selotepu, bandika kwenye kioo, weka chini ya darubini. Ukuzaji wa mara 400 unatosha. Hesabuni stomata kwenye maeneo kumi tofauti, pimeni urefu wa chache kati yake, tafuteni wastani.

Angalizo: jani la kivulini na la juani vinatofautiana hata kwenye mgomba mmoja, kwa hiyo chukueni majani ya umri mmoja na mwanga mmoja, vinginevyo mtapima jua badala ya ploidi. Anzeni na Mchare na FHIA-17. Kati ya 22 na 44 tofauti ni rahisi kuiona. Mkizizoea hizo mbili ndipo muingize moja ya 33, hapo wanafunzi watabishana kidogo.